Uzamili kwa walimu wa hisabati na sayansi huku Magharibi: soma hapa kabla hujalipa karo

FizikiaVihiga (mwenye uzi)

Walimu wenzangu, hamjambo. Tangu Gredi 10, darasa la kwanza la sekondari ya juu katika mtaala mpya, ianze Januari 2026, haipiti wiki bila mwalimu kunipigia simu au kunishika mkono pale steji ya Chavakali. Swali ni lile lile: "Mwalimu, nataka kurudi chuo. Nichukue M.Ed. au M.Sc.? Niende Maseno au Masinde Muliro? Mshahara utapanda?" (M.Ed. ni uzamili wa elimu, M.Sc. ni wa sayansi au hisabati yenyewe.) Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona heri niandike hapa mara moja, na walionitangulia wanisahihishe.

Kwanza mnijue. Nafundisha fizikia na hisabati katika shule ya kutwa, kaunti ya Vihiga, na huu ni mwaka wangu wa 14 darasani. Uzamili wangu ulipangiwa miaka miwili, ukachukua mitano. Chuo sitakitaja, maana kosa kubwa lilikuwa langu, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Nilichagua chuo kabla sijawa na swali. Nililipa karo kwa mkopo wa Sacco, nikahudhuria masomo ya likizo, Aprili, Agosti na Desemba, nikafaulu mitihani yote. Ukafika wakati wa pendekezo la utafiti, na sikuwa na la kuuliza. Nikafanya kama wengi: nikaenda maktaba, nikashusha tasnifu moja kutoka kwenye rafu, nikabadilisha jina la kaunti ndogo. "Mambo yanayoathiri matokeo ya fizikia katika KCSE," yaani mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari. Hojaji ya maswali 40: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Pendekezo hilo lilinikalia karibu miaka miwili, likirudi na wino mwekundu, nami nikilirudisha.

Siku ya kulitetea, mmoja wa waliokuwa mezani aliniuliza swali moja tu. "Tuseme umemaliza. Umegundua kwamba maabara hazina vifaa na walimu ni wachache. Hayo uliyajua hata kabla ya kuja hapa. Jumatatu asubuhi ukiingia darasani, utafundisha nini tofauti?" Sikuwa na jibu. Nilipanda matatu nikarudi nyumbani, na njia nzima sikusema neno.

Muhula ule ule nilikuwa nafundisha kidato cha tatu umeme. Betri, swichi, balbu mbili kwa mfululizo, na amita mbili: moja kabla ya balbu, nyingine baada yake. Kabla sijafunga swichi niliwauliza ni amita ipi itakayosoma zaidi. Karibu darasa lote likasema ya kwanza, kwa sababu balbu zitakuwa zimekula umeme. Nikafunga swichi. Zikasoma sawa. Nikadhani kazi imekwisha. Msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono: "Mwalimu, hiyo ya pili imeharibika." Nikazibadilishana mahali. Zikasoma sawa tena. Akanyamaza, lakini uso wake ulionyesha hajaamini.

Wiki mbili baadaye niliwapa mtihani. Swali la kukokotoa kwa V = IR walilifanya vizuri, hata yeye. Lile la kueleza kwa maneno kwa nini amita zilisoma sawa, wengi waliandika kwamba balbu hula umeme kidogo kidogo na vifaa vya shule havioni tofauti hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza tunavyosema nyumbani. Friji inakula stima. Pasi imemaliza token. Mtoto huyu amekulia katika nyumba ambamo mama hununua token kwa simu, na mita ukutani huhesabu kushuka hadi sifuri, kisha giza. Kwake, kwamba umeme huliwa ukaisha ni jambo aliloliona kwa macho yake mara nyingi. Na kwa sehemu yuko sawa! Mita ile huhesabu kilowati-saa, yaani nishati, na nishati kweli hutoka kwenye saketi ikawa mwanga na joto. Kisichopungua ni mkondo, ile chaji inayopita kila sekunde. Neno la nyumbani ni moja, stima, kwa vitu viwili tofauti, na sisi tunaingia darasani tukisema "umeme" bila kuvitenganisha.

Nilipoanza kusoma makala nikakuta kwamba fikra hii ya mkondo kuliwa iliandikwa na watafiti wa New Zealand na Uingereza tangu miaka ya 1980. Watoto wa huko nao husema hivyo. Ila kwa kadiri nilivyotafuta, sikumpata aliyeuliza token na neno "stima" vinachangia nini kwa mtoto wa huku kwetu. Hilo likawa swali langu. Hojaji nikaiacha. Pendekezo jipya niliandika kwa wiki sita, likapita mara ya kwanza.

Kwa hiyo nawaambia wanaonipigia simu: kabla ya kutafuta chuo, tafuta kosa moja ambalo wanafunzi wako hulirudia kila mwaka na hujui linatoka wapi. Kosa hilo ndilo litakalokuonyesha shahada ya kuchukua na msimamizi wa kumtafuta.

Vyuo tunavyo. Masinde Muliro pale Kakamega ina idara nzima ya elimu ya sayansi na hisabati. Maseno ilianza kwa kuunganishwa chuo cha walimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali iliyokuwa jirani, kwa hiyo kufundisha walimu kumo katika msingi wake. Kuna Moi kule Eldoret, Egerton kule Njoro, Kibabii Bungoma, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo. Aliye tayari kuvuka mpaka ajue kwamba Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo pale Rukara cha ufundishaji wa hisabati na sayansi tu, kilichoanzishwa kwa mradi wa Benki ya Dunia. Lakini usichague jina la lango. Ingia kwenye tovuti ya idara, tazama nani anaandika kuhusu jambo lako, soma makala zake mbili, ndipo ujaze fomu. Mtu huyo utaishi naye kwa barua pepe miaka kadhaa.

Haya, karibuni.

MadamHesabu_Molo

Asante sana mwalimu. Hiyo ya token imenikaa.

Nina B.Ed. ya hisabati na kemia, miaka minane kazini, na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Njoro ni karibu nami kwa hiyo naiangalia Egerton. Shida yangu ni moja. Kwenye stafu wananiambia M.Ed. ni ya wanaotafuta ualimu mkuu, na mtu wa hisabati kweli huchukua M.Sc. Mimi naipenda hisabati yenyewe. Chuoni nilipenda aljebra dhahania kuliko somo lolote. Nikichukua M.Ed. si nitakuwa nimeiacha?

FizikiaVihiga

Madam, hiyo kauli ya stafu inatokana na kuchanganya M.Ed. za aina nyingi. Kuna ya usimamizi wa elimu, kuna ya mipango, kuna ya saikolojia, na kuna ya elimu ya hisabati au ya sayansi. Wengi huchukua ile ya usimamizi, kisha watu wakadhani zote ni hiyo. Kabla hujalipa chochote, uliza cheti chako kitaandikwa maneno gani.

M.Sc. ya hisabati halisi itakuweka kwenye uchanganuzi, topolojia, nadharia ya vikundi. Mlango wake ni idara za hisabati za vyuo vikuu. M.Ed. ya hisabati mlango wake ni idara za elimu, vyuo vya walimu, KICD (taasisi ya mitaala), KNEC (baraza la mitihani), na CEMASTEA kule Karen, kituo cha kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi. Vyuo vingi hutaka digrii ya daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huangaliwa miaka aliyofundisha.

Lakini kuhusu kuiacha hisabati, hapana. Mwaka 1986 Mmarekani Lee Shulman alisema kwamba kuna maarifa ya somo, kuna maarifa ya kufundisha kwa jumla, na katikati kuna ya tatu: kujua mada fulani inavyofundishika, inakwama wapi kwa mtoto, mfano gani utaifungua. Ya tatu huwezi kuwa nayo bila ya kwanza.

Chukua swali la mtoto wa sekondari ya chini: kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Wengi wetu tunamwambia akariri. Wewe uliyesoma aljebra dhahania unajua jibu liko kwenye sheria ya kusambaza. (−1) × (1 + −1) lazima iwe 0, kwa kuwa kilichomo kwenye mabano ni 0. Sambaza: −1 + (−1 × −1) = 0. Basi −1 × −1 haina budi kuwa 1. Mistari mitatu tu. Sasa swali la uzamili ni hili: mtoto wa miaka 13 anaweza kuifuata mistari hiyo? Akishindwa, anashindwa kwenye mstari upi? Hapo utaihitaji aljebra yako yote na masikio yako yote.

Ukijiona baada ya miaka kumi bado uko na watoto, au unafundisha walimu wao, chukua M.Ed. ya hisabati. Ukijiona unathibitisha nadharia ubaoni mbele ya wanachuo, chukua M.Sc. na usimwombe mtu radhi.

ChakiNaVumbi_Bungoma

Niruhusuni niseme upande wa pesa, maana wengi huja na hesabu isiyo sahihi.

Uzamili peke yake haukupandishi daraja. Mwalimu mwenye digrii huingia daraja la kazi la C2, baada ya miaka mitatu huenda C3, na kutoka hapo nafasi hutangazwa, unaomba, unafanyiwa usaili. Miongozo ya kupanda vyeo iliyokuja na mkataba wa 2017 hadi 2021 iliweka mambo hivyo. Karatasi ya uzamili ni kitu kimoja kati ya vingi. Mimi nimelipa mkopo miezi 48, na payslip yangu haijaongezeka shilingi moja kwa sababu ya tasnifu. Mke wangu alijua tangu mwanzo, tulikubaliana, ndiyo maana nyumba haikutikisika. Ningemficha ingekuwa hadithi nyingine.

Tena weka akiba ya muda. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba hadi mapema Novemba. Walikuwa na haki yao, sisi walimu tunalielewa hilo kuliko wote. Lakini aliyekuwa amepangiwa kutetea tasnifu mwezi huo alingoja.

Sisemi haya kumkatisha mtu tamaa. Mimi mwenyewe ningerudia. Nasema mtu ayajue kabla ya kutia sahihi.

FizikiaVihiga

Ndugu wa Bungoma, asante kwa kusema wazi. Niongeze mawili. Usichukue mkopo wa karo nzima kwa mara moja. Lipa muhula kwa muhula, maana ukikwama kwenye pendekezo riba haikungoji. Pia uliza HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mikopo ya uzamili, na fuatilieni ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, kwa wanaosoma humu humu Afrika Mashariki. Ufadhili wa aina hiyo hutazama pia pendekezo lako, si alama tu, kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye swali.

MaabaraKisumu

Wakubwa shikamoni. Mimi ni mwalimu wa kemia, shule iko upande wa Kondele. Miaka ya nyuma walimu wangu wa SMASSE, ule mradi wa mafunzo kazini kwa walimu wa hisabati na sayansi, walitufundisha kubuni vifaa: kiashiria cha asidi kutoka kabichi nyekundu, chupa za maji badala ya bika. Nataka kupima kama watoto wanaelewa asidi na besi vizuri zaidi kwa vifaa vya kubuni kuliko kwa mwalimu kuonyesha mbele.

Nimeambiwa nitumie Solomon ya makundi manne na jedwali la Krejcie na Morgan. Kila tasnifu niliyoifungua imevitumia hivyo viwili. Nina shule nne zilizokubali. Kuna mtu anaweza kunieleza kwa nini nivitumie, mbali na kwamba kila mtu anavitumia?

MtahiniKakamega

Mwalimu wa Kondele, swali lako ndilo nililolingoja miaka mingi kutoka upande ule wa meza. Nimestaafu sasa, nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Anza na Krejcie na Morgan. Jedwali lao la 1970 linajibu swali moja: nikitaka kukadiria asilimia ya watu wenye maoni fulani, nikiwachagua kwa bahati nasibu, nitahitaji watu wangapi? Ukiwa na watu 1,000 linakupa 278, ukiwa na 10,000 linakupa 370. Ni zuri kwa kazi hiyo. Wewe huchagui mtoto mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Unachukua madarasa mazima kama yalivyo, na hukadirii asilimia, unalinganisha njia mbili za kufundisha. Kuliweka jedwali hilo kwenye sura yako ya tatu ni kama kupima unga kwa rula. Nimeona tasnifu nyingi sana zikifanya hivyo, na kila mara nikiuliza sababu nilijibiwa kwamba ndivyo inavyofanywa.

Solomon sasa. Richard Solomon, mwanasaikolojia wa Marekani, aliupendekeza mpango huo mwaka 1949 kwa wasiwasi mmoja: huenda ule mtihani wa kwanza, unaowapa watoto kabla ya kuanza, wenyewe ukawafundisha au ukawaamsha. Kwa hiyo kundi la kwanza linapewa mtihani wa awali, linafundishwa kwa njia mpya, linapewa mtihani wa mwisho. La pili linapewa mitihani yote miwili bila njia mpya. La tatu halipewi wa awali, linafundishwa kwa njia mpya, linapewa wa mwisho. La nne linapewa wa mwisho tu. Ukilinganisha yote manne unajua kama mtihani wa awali ulitia mkono. Ni mpango wa akili sana.

Sasa tazama shule zako nne. Kila kundi ni shule moja. Kundi la kwanza likifanya vizuri, utajuaje kwamba ni kabichi nyekundu na si kwamba shule ile ina mwalimu hodari, au ilipokea watoto wenye alama za juu, au wana umeme wa kusomea usiku? Hujui. Tuseme una watoto 180 kwenye karatasi, lakini kwa swali lako una shule nne tu, moja kwa kila kundi, na watoto wa darasa moja hufanana kwa sababu wamefundishwa pamoja. Programu ya takwimu haitakuambia hivyo. Itakupa tofauti kubwa yenye nyota pembeni, alama ya kwamba eti si ya bahati tu, nawe utafurahi bure.

Ningekuwa msimamizi wako ningekupa njia mbili. Ukiweza, tafuta shule zenye mikondo miwili au mitatu ya gredi moja, ili ndani ya shule ile ile mkondo mmoja upate njia mpya na mwingine ya kawaida, tena mwalimu akiwa yule yule. Shule sita za namna hiyo zinakuambia mengi kuliko nne za Solomon. Usipoweza, acha kulinganisha kabisa. Chukua darasa moja, la kwako, kaa nalo muhula mzima. Andika wanachosema wakishika chupa ile. Warekodi kwa ruhusa. Fundisha, tazama, rekebisha, fundisha tena na mwenzako akikaa nyuma kuandika. Hiyo ni ile njia ya Kijapani ya kuchunguza somo ambayo SMASSE iliileta. Mradi ule ulianza 1998 kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, katika wilaya tisa za majaribio, Kakamega na Kisii zikiwemo, kabla ya kuenea nchi nzima, kwa hiyo huku kwetu wako walimu wazee walioifanya kwa mikono yao. Watafute. Utafiti wa darasa moja uliofanywa kwa kina ni uzamili halali kabisa, na asikwambie mtu ni mdogo kwa kuwa hauna jedwali la ANOVA, lile la takwimu za kulinganisha wastani wa makundi.

La mwisho, usimlipe mtu akuchanganulie data. Programu ya takwimu ya R ni ya bure. Ukikaa nayo likizo moja ya Agosti utaweza linalohitajika. Mezani nilikuwa nikijua ndani ya dakika mbili kama mtu amechanganua mwenyewe.

MaabaraKisumu

Daktari, nimeisoma mara tatu. Nimepiga simu shule mbili hivi sasa kuuliza kama wana mikondo miwili ya gredi moja. Moja inayo mitatu.

Nikipitia hapo hapo: vibali. Nifuate mpangilio gani? Na watoto wangu ni chini ya miaka 18.

ChakiNaVumbi_Bungoma

Hilo nitajibu mimi, lilinichelewesha miezi minne kwa kutojua. Tetea pendekezo idarani kwanza, upate barua ya chuo. Kisha kamati ya maadili ya utafiti. Ukiwa na cheti chao ndipo unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mtandaoni. Ukiwa na hiyo unaenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti, na mwisho kwa mwalimu mkuu. Ukianzia mwisho, utarudishwa mwanzo.

Kwa watoto unahitaji ridhaa mbili: ya mzazi kwa maandishi, na ya mtoto mwenyewe. Fomu ya mzazi iandike kwa Kiswahili na, ikiwa mko mashambani, kwa lugha ya nyumbani pia. Yangu ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza na nyingi zilirudi bila sahihi, si kwa kukataa. Mama hakujua anaombwa nini. Na mwambie mtoto waziwazi kwamba akikataa alama zake hazitaguswa. Kwa mwalimu wake mwenyewe hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa hiyo mwombe mwalimu mwingine akusanye fomu.

MadamHesabu_Molo

Na kuchapisha? Nimesikia huhitimu bila makala. Rafiki yangu alipata barua pepe kutoka jarida moja, wakamwambia watachapisha kwa siku tatu akilipa.

MtahiniKakamega

Vyuo vingi sasa hudai makala kabla ya kuhitimu, ndiyo. Siku tatu hapana. Makala ya kweli husomwa na watu wawili au watatu wanaolijua jambo, nao huchukua miezi. Anayekuahidi siku tatu anauza nafasi, na jina lako litabaki hapo maisha yako yote.

Anza kwa kusoma yaliko ya bure: hifadhi ya ERIC ya Marekani, na AJOL inayokusanya majarida ya Afrika. Kwa fani yetu liko pia jarida la chama cha watafiti wa elimu ya hisabati, sayansi na teknolojia wa kusini mwa Afrika, SAARMSTE. Soma kwanza, ujue wanaandikaje, ndipo utume.

Kabla hata ya jarida, simama mbele ya watu ueleze. Maseno kuna kambi ya hisabati iliyoanza 2011, wanafunzi na walimu hukaa wiki nzima wakicheza na mafumbo na GeoGebra, programu ya kuchora hisabati kwenye kompyuta. Na pale kwako, Madam, uko kwenye njia ya Njoro. Ndugu Peter Tabichi, aliyepata ile tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya kijijini Njoro, kompyuta ikiwa moja. Wanafunzi wake walionyesha kazi zao kwenye maonyesho ya sayansi. Ukisikia watoto wakieleza mradi wao mbele ya majaji, unapata maswali ya uzamili ya miaka kumi.

MadamHesabu_Molo

Nimerudi baada ya siku nne. Mwenye uzi ulisema tafuta kosa moja. Nimelipata, au nadhani nimelipata, naomba mniambie.

Darasa langu la Gredi 10 ni la wale wasiokuwa kwenye njia ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), wanaofanya ile hisabati iliyowekwa kwa ajili yao. Niliwapa milinganyo mitano rahisi. Kwenye 3x = 12, kati ya watoto 44, 17 waliandika x = 9. Nilidhani ni haraka. Nikamwita mmoja mezani, nikamwomba anieleze bila kumwambia amekosea. Akasema: "Tatu imevuka mto, madam. Ikivuka inabadilika, inakuwa kutoa tatu." Nikamwita wa pili, maneno yale yale. Wa tatu akasema daraja badala ya mto.

Mimi mwenyewe nimeitumia kauli hiyo ya kuvuka na kubadilisha alama miaka yote minane. Nilifundishwa hivyo Kidato cha kwanza. Kwa x + 3 = 12 inafanya kazi, ndiyo maana hatukuwahi kuitilia shaka. Mtoto hakosei kwa kutosikia. Anakosea kwa sababu alisikia vizuri na akatii.

Usiku ule sikulala mapema. Nilitoa daftari za mwaka juzi ambazo nilikuwa sijachoma, na kosa limo.

FizikiaVihiga

Madam, hilo ndilo. Tafadhali usiwasahihishe bado, wape wiki moja. Waulize pia x + 3 = 12, halafu x/3 = 12, halafu 12 = 3x, yaani ile ya kwanza ikiwa imegeuzwa, uandike wanachosema neno kwa neno, Kiswahili kikiwa Kiswahili na lugha ya nyumbani ikiwa ya nyumbani. Usiitafsiri. Neno "vuka" lenyewe ndilo data yako. Uliza pia walimu wenzako wa sekondari ya chini hapo jirani wanatumia kauli gani, mto au daraja, na mizani kama wapo wanaoitumia.

Kisha tafuta nani Egerton anaandika kuhusu aljebra ya shule, umwandikie barua pepe ya aya mbili: uliona nini, na watoto walisemaje. Usianze kwa kuuliza karo.

Nina yale maswali niliyowauliza wangu kuhusu stima, kurasa tatu za mkono. Nitayapiga picha kesho jioni nikitoka shule niyaweke hapa, uone nilivyouliza bila kumvujishia mtoto jibu. Mwalimu wa Kondele, nawe yatakufaa kwa asidi.